Mbao Mbili Chini ya Boti ya Daktari

Mwezi uliopita tulimzika Mutisya kwao, huko ng'ambo ya Machakos ambako lami inaisha na wewe unaendelea na vumbi. Nilifika nimechelewa, nikakaa nyuma kwa viti vya plastiki karibu na Were, ambaye sikuwa nimemwona miaka sita, na ambaye tumbo lake lilikuwa limefika kabla yake. Mbele kule mtu baada ya mtu alishika maikrofoni akasema vile Mutisya alichonga twiga, vile alichonga ndovu, vile twiga wake mmoja alipanda ndege kwenda ng'ambo kabla mtu yeyote wa ukoo hajapanda. Yote kweli. Lakini mimi nimekaa pale najiambia hawa watu hawajui. Kazi yake iliyofanya nimheshimu mpaka leo haina picha, na hata ukisimama karibu nayo huwezi kuiona. Were akanipiga kiwiko. Akaninong'oneza, "Nafu, si wewe ndiye mdomo? Enda uwaambie ya boti."

Mwaka wa boti nilikuwa na miaka ishirini, darasa la nane kichwani na mdomo wa chuo kikuu. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na mimi nilikuwa nashona viti vya matatu huko Kariobangi, kwa jua kali. Karakana yetu ilikuwa paa moja la mabati juu ya nguzo sita, ukuta pande tatu, na upande wa nne wazi kuelekea barabarani, sakafu ikiteremka kidogo ili maji ya mvua yatoke yenyewe. Tulikuwa watatu. Were, Mluhya kama mimi, ndiye aliyekodi pahali pote, na alikuwa welda, fundi wa kuchomelea chuma. Mimi na cherehani yangu tulikaa katikati na marobota ya sponji. Mutisya alikuwa na kona ya nyuma, ile nzuri, mvua haifiki na mwanga unaingia kwa mabati mawili ya plastiki. Ukiingia unanusa gundi yangu, halafu chuma cha Were kilichoungua, halafu mwishoni kabisa ile harufu tamu ya vumbi la mbao ya Mutisya. Mpaka leo nikinusa mbao inapigwa msasa, mate yananitoka, kwa sababu hiyo harufu ndiyo ilikuwa inachanganyika na chakula cha mchana. Chapati mbili na madondo ya maharagwe kwa sahani ya bati, chai ya strungi isiyo na maziwa kwa kikombe kimoja tunazungusha. Mutisya alikuwa anafuta mdomo wa kikombe na kitambaa chake cha kung'arishia twiga. Nikimuuliza kama ananiona nina ugonjwa, ananiambia hapana, anaogopa maneno yangu yatamwambukiza.

Kazi ya kuchonga ilikuwa imemharibikia mwaka huo. Maduka ya town yaliyokuwa yakichukua twiga yalikuwa yamepata watu wa kuchonga haraka, wanatoa kumi wakati Mutisya anatoa mmoja. Alikuwa na kama miaka hamsini na mitano. Alikuwa na tabia moja ya kutesa: hawezi kuachilia kitu kitoke kabla hakijang'aa. Walikotoka wachongaji wenzake, kitu hakihesabiwi kimeisha mpaka kipigwe msasa, kipakwe Kiwi, ile rangi ya viatu, kipigwe brashi mpaka ujione. Mtu aliagiza kigoda cha kukalia jikoni, Mutisya akakaa nacho siku nne. Nikamwambia mzee, hiki kitu kitakaliwa na makalio, makalio hayana macho. Akaniangalia kama vile nimetukana kanisa.

Siku moja nimelala nyuma ya sponji baada ya chakula, nikasikia Were akiongea na jamaa wa kuangalia ploti, upande ule mwingine wa mabati. Were hakuwa mtu mbaya, nataka hiyo ieleweke. Alikuwa anakunja mageti nje juani, mgongo umeungua, na kona ya nyuma ina kivuli na mzee mmoja anayepiga kigoda brashi. Alisema anampa Mutisya mpaka mwisho wa mwezi. Kama hajaleta kazi ya maana, kona inakuwa ya mageti, na mzee arudi nyumbani. Yule jamaa akauliza atamwambiaje. Were akasema hiyo ndiyo shida. Nikabaki nyuma ya sponji kimya, na mimi kunyamaza ni kazi ya jasho. Nilijua Mutisya akirudi nyumbani bila kona, patasi zake zitaning'inia ukutani na yeye atakaa chini yake bila kazi.

Jumatatu iliyofuata ndiyo boti ilikuja. Hebu fikiria Kariobangi, mvua imenyesha wiki nzima, matope mpaka kwa kifundo cha mguu, na gari linapita polepole likivuta trela, na juu ya trela boti nyeupe kama jino. Mtaa wote ulitoka. Mtu akapiga kelele kuuliza kama ni Nuhu amefika, na kama anachukua wapangaji au wenye nyumba peke yao. Mwenye boti alikuwa daktari wa meno, mtu mpole mwenye sweta, aliyependa kuvua samaki Naivasha siku ambazo hang'oi meno. Mtu alikuwa amemwambia Were anajua chuma. Lakini shida yake haikuwa chuma. Boti ikiwa kwa trela huwa inalalia mbao mbili ndefu, moja kulia moja kushoto, zimefungwa kwa trela na bolti na kufunikwa kapeti. Sisi tukaziita vitanda. Vitanda vya Daktari vilikuwa vimeoza. Were akagusa kapeti, maji yakatoka. Akasema atatafuta mbao kwa hardware, cypress yoyote, apige misumari, kazi ya asubuhi moja.

Mutisya akatoka kwa kona yake bila kuitwa. Akapitisha kidole gumba chini ya kapeti, kikazama ndani ya mbao kama kimeingia kwa mkate uliolowa. Akakinusa. Akamwambia Daktari kwamba mbao ilikufa kitambo, kilichokuwa kinashika boti yake barabarani ni kapeti na huruma ya Mungu. Halafu akainama, akatazama tumbo la boti kwa muda mrefu sana, na akasema jambo ambalo hakuna mwingine aliliona: hilo tumbo halijanyooka. Mbao iliyonyooka itaguswa pahali pawili tu, na hapo ndipo boti itapasukia. Daktari akageuka akamwangalia. Akasema kumbe ndiyo maana kuna ufa unaanza kule nyuma. Nikaona Were anafikiria. Baadaye, Daktari akiwa ameenda na kuacha trela ndani ya karakana, matako ya boti yakielekea barabarani, alimwita Mutisya, na kwa mara ya kwanza akasema lile la kona mbele yake.

"Mzee, hii kazi ni yako. Jumamosi saa nne Daktari anakuja. Ikienda poa, kona ni yako na sitaitaja tena. Ikiharibika, tusilaumiane."

Mutisya akauliza kitu kimoja tu. "Na jeki ya lori utanipa?"

Nimeona mafundi wengi tangu hapo, na wengine nimewaajiri mimi mwenyewe, lakini siku nne zilizofuata ndizo nilijua fundi ni nini. Kwanza mbao. Alienda kwa watu wanaovunja malori makuukuu, akarudi na mbao mbili za mvule zilizokuwa sakafu ya lori. Nilimwuliza mbona anatuletea mbao ya kuni za matanga. Akanieleza, akiipiga na ngumi ikilia kama mlango wa benki, kwamba hii mbao imenyeshewa miaka ishirini na imebeba makaa, ng'ombe na watu, na bado haijaoza. Maji yalishaijaribu, ikakataa. Were alitaka kuita wanaume kumi wainue boti waiweke chini. Mutisya akasema mara ya kwanza watakuja kumi, mara ya pili wanne, na mara ya kumi zitakuja sababu tu. Na yeye alihitaji kuiinua mara nyingi. Kwa hivyo akapanga matairi ya lori chini ya tumbo pande zote mbili, akaacha kitanda cha kushoto kikiwa kimeshika, akainua upande wa kulia peke yake na jeki, kidogo, unene wa kidole. Akitoa kimoja, kingine kinabeba.

Halafu akafanya ile kitu. Alichukua mkaa kwa jiko letu la chai, akausaga, akalala chali kwa sakafu ya matope chini ya boti na kuupaka tumbo lake lote pale mbao itagusa. Akaweka mbao mpya. Akashusha jeki. Akainua tena. Kwa mbao kulikuwa na alama nyeusi mbili, ndogo kama nyayo za paka. Akachukua tezo, akakata hapo peke yake. Akashusha. Akainua. Alama sasa nne. Akakata hizo. Siku nzima hivyo, jeki chini, jeki juu, na kila mara weusi unasambaa. Mimi nikaacha cherehani. Watu wa karakana zingine wakaacha nyundo. Jioni ya Jumanne boti ilishuka na kuinuka, ikaacha mbao nyeusi kutoka mwisho mpaka mwisho, kama imepakwa rangi. Yaani boti yenyewe ilikuwa imemwonyesha inataka kulala vipi, na yeye akaisikiliza. Jumatano akafanya ya kushoto. Vichwa vya bolti akavizamisha ndani ya mbao kina cha kidole, visikwaruze. Hata Were, ambaye kusifu kulimtoka kwa shida, alilala chini pale akaangalia, na alipotoka akasema tu kwamba sawa, sawa.

Sasa mimi ndiyo nikafungua mdomo. Kazi yangu ilikuwa kufunika zile mbao na kapeti kama zilivyokuwa, Daktari alisema hivyo wazi. Kapeti ya zamani ilikuwa inanuka mpaka nikaitupa, na mbwa hata hawakuigusa. Alhamisi asubuhi Mutisya alikuwa amefuta mkaa wote na kupiga mbao msasa, na ilikuwa nzuri, ile rangi ya asali ya mvule, unapitisha mkono hausikii pahali chombo kilipita. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima ifunikwe. Nikacheka. Nikamwambia ukiniuliza mimi, paka Kiwi mzee, piga brashi, boti ikilala ijione uso. Ilikuwa mzaha. Lakini unamwambia mchongaji apake Kiwi halafu unategemea aelewe ni mzaha? Aliingia kwa kona akatoka na kopo na brashi. Na kusema ukweli nilifurahi, kwa sababu nilikuwa na viti kumi na vinne vya matatu vya kumaliza, na kushona kapeti ni kazi. Jioni zile mbao ziling'aa kama viatu vya mchungaji. Watu walikuja kuangalia. Mutisya alisimama hapo mikono nyuma, mrefu kuliko kawaida yake.

Ijumaa kabla ya chakula Were alitaka kuchomelea kipande kimoja kilichobaki mbele ya trela. Mbele hapo ndipo mshipi unaoshika pua ya boti unafungwa, na ili cheche zisiuchome, akaufungua. Trela yenyewe haikusonga, tulikuwa tumeweka mawe kwa magurudumu. Boti ndiyo iliyosonga. Haikutoa sauti yoyote, na hiyo ndiyo iliniogopesha. Iliteleza nyuma juu ya ile Kiwi, ikifuata mteremko wa sakafu yetu, polepole, laini, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka, ikatoka kwa trela, matako yake yakakaa juu ya viti vyangu kumi na vinne vilivyokuwa vimepangwa hapo nje vikingoja mwenyewe. Sponji zikapumua. Boti ikatulia na pua juu, inaangalia mbingu.

Hakuna mtu aliyeumia na haikupasuka. Ningependa kusema nilitoa mzaha, lakini sikuwa nao. Were alizima mashine yake. Hakumwangalia Mutisya. Akachukua futi yake na chaki, akaenda kona ya nyuma, akapima. Akachora mstari mweupe kwa sakafu, pale meza ya mageti itaishia, ukipita katikati ya kigoda anachokaliaga Mutisya. Halafu akaenda kula.

Mutisya alikuwa ameweka kiganja juu ya mbao yake inayong'aa. Nikaenda nikasimama karibu. Nikamwambia ni mimi, mzee, nilisema mambo ya Kiwi kwa ujinga, nitamwambia Were.

"Mwiitu," akasema, na hivyo ndivyo aliniita akiwa hana hasira, kama msichana wa kwake, "mdomo ulikuwa wako. Mkono ulikuwa wangu." Akaondoa kiganja. "Nilitaka ionekane ni mimi. Boti haitaki kujua ni nani."

Akainama, akaokota chupa iliyovunjika kando ya mtaro. Wachongaji hukwangua mbao na kioo, kinakula juu juu bila kuuma ndani. Akaanza mwisho mmoja wa mbao, akakwangua ule mng'aro wake mwenyewe, brashi ya siku nzima, unatoka kwa vumbi la kahawia. Nilikuwa nimewahi kumwona akikataa kuachilia kigoda cha jikoni kwa sababu ya alama moja. Na sasa anauondoa mng'aro wote, na hakuwa na uso wa mtu aliyeonewa. Alikuwa na uso ule ule wa kazi. Hapo ndipo heshima ilinishika. Nikakimbia kwa robota la kapeti ya matatu, ile nyekundu tulikuwa tunaweka sakafuni, na nikaanza kupima. Chakula kilipoa. Were aliporudi alitukuta hivyo, mmoja na kioo, mwingine na makasi, na hakuna aliyemsalimia.

Kapeti nilijua mambo yake. Ukiifunga kote kote maji hayana pa kutokea, mbao inakaa imelowa na inaoza, na nina uhakika hivyo ndivyo mbao za kwanza zilikufa. Nikamwambia Mutisya nitaivuta ibane juu na kando, niipigilie chini pekee, na katikati kule chini niache nafasi wazi ili maji yadondoke. Aliuliza misumari itakaa wapi. Nikamwonyesha. Akaniambia nihamishe mmoja. Nikauhamisha. Hiyo ndiyo hati ya ufundi niliyopata maishani, na sijawahi kutaka nyingine.

Jumamosi alfajiri tulikuwa hapo kabla ya mama wa chai. Tulipigilia mpaka jua likatoka, na kila nilipoipitishia mkono ile mvule kabla ya kuifunika nilisikia uchungu kidogo, maana hakuna mtu angeiona tena. Wakati wa kurudisha boti ulipofika nilienda kuita wanaume, na nikakuta Were tayari amekuja nao, tisa, yeye wa kumi. Waliinua kutoka kwa viti vyangu, wakaiweka. Mutisya akamwambia Were afungue mshipi. Were akasita. Mutisya akasema tena, afungue. Were akafungua, sote tukarudi nyuma. Boti ikakaa. Mutisya akaniambia nisukume. Nikasukuma kwa mikono, halafu kwa mgongo, halafu kwa ile sehemu Mungu alinipa kwa wingi. Boti ikakaa. Ndipo akachukua ndoo ya maji, akamwaga juu ya kipande cha kapeti kilichobaki, tulichokuwa tumekipigilia kwa kipande cha mbao, akasukuma tofali juu yake na kidole kimoja, likaenda. Aliyafikiria yote mawili: kavu ishike barabarani, ikilowa ziwani iachilie.

Daktari alikuja saa nne. Akainama, akaona kapeti nyekundu, akagonga chini yake, akauliza ni mbao gani. Mutisya akamwambia ni mbao. Nilitaka kuruka nimweleze habari ya mkaa, na lori, na tumbo la boti, na Mutisya akanitupia jicho, nikameza yote. Daktari akafunga boti akaenda. Sisi watatu tukabaki barabarani tukiangalia matako ya boti yakipotea kwa matope. Were ndiye aliyetangulia kurudi ndani. Alibeba ile ndoo iliyokuwa na maji nusu, akaenda nayo mpaka kona ya nyuma, akayamwaga kwa ule mstari wa chaki, akausugua na kiatu mpaka ukaisha. Alisema sakafu ilikuwa na vumbi.

Wiki tatu baadaye Daktari alipita na samaki wanne wakubwa, akasema boti imeingia majini na kutoka kama imezaliwa pale. Were alikaanga wale samaki kwa kikaango cha karakana, akasonga ugali, na tukala tukiwa tumekalia viti vya mtu. Mutisya, kama Mkamba wa zamani asiyezoea samaki, alimwangalia samaki wake kama mtu anayeweza kumjibu. Mwishowe alikula nyama ya mgongo peke yake, akanipa kichwa, akasema ndicho kinachofanana na mimi, mdomo wazi. Kona ilibaki yake miaka kumi na tisa zaidi, mpaka siku aliyoamua mwenyewe kwamba macho yametosha.

Kwa hivyo pale matangani nilienda mbele, nikashika maikrofoni. Niliwaambia twiga ni sawa, na ndovu ni sawa. Lakini kazi ya huyu mzee kushinda zote, mimi ndiye niliyeifunika, na misumari nilipigilia kwa mikono hii. Wakacheka, wakidhani natania, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kijana wake mkubwa hakucheka. Alinifuata baadaye kwa foleni ya chakula, akaniuliza hizo mbao ziko wapi sasa, angependa kuziona hata mara moja. Nikamwambia sijui. Labda Daktari aliiuza ile boti, labda iko Naivasha bado, labda iko mbali, kapeti yangu imeisha rangi na wameibadilisha mara mbili. Lakini mtu yeyote aliyeibadilisha ilibidi aitoe kwanza, na kabla hajaweka nyingine, kwa dakika chache mchana, alisimama hapo na mvule ya baba yako mbele yake, na nina hakika aliipitishia mkono.